Kompyuta Kuu Ipo, Lakini Mlango Uko Wapi?

Mama mkwe wangu anaishi Kalamba, Makueni. Mimi ni mtu wa Mombasa, nimeoa Ukambani, na kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Kila ifikapo Septemba hunipigia simu. Tukishamaliza salamu na habari za wajukuu, swali huwa ni lile lile: "Mwanangu, wewe wa kompyuta, mvua inaanza lini? Itatosha mahindi, ama nipande ndengu?" Sisi twaziita pojo, yeye aziita ndengu, na tumetaniana juu ya neno hilo miaka kumi sasa.

Msomaji wa pwani aweza kuuliza mvua ya Kalamba yatuhusu nini. Yatuhusu sana. Ukambani ndiko kunakolimwa sehemu kubwa ya mbaazi za Kenya, hizi tunazozitia nazi tukala na mahamri asubuhi. Na mto Athi unaotenga Makueni na Kitui ndio huo huo ukiteremka waitwa Galana, kisha Sabaki, ukamwagika baharini karibu na Malindi. Maji mekundu wanayoyaona wavuvi wa Malindi kila mvua zikiwa kubwa ni udongo wa huko juu. Mvua ikikosekana Kalamba, bei yapanda Kongowea. Ikizidi, Sabaki yafurika.

Lakini leo sitaki kusema juu ya mvua yenyewe. Nataka kueleza kwa nini swali la mama mkwe, ambalo lina jibu la namna fulani, lilinishinda kumjibu mwaka 2021. Jibu halikukosa mashine ya kulitafuta. Lilikwama kwa kuwa mimi sikuweza kuifikia mashine.

Kwanza tuelewane hesabu yenyewe. Utabiri wa msimu hutengenezwa kwa kuigawa anga ya dunia nzima katika miraba, kila mraba ukapewa joto lake, upepo wake, unyevu wake, kisha kompyuta ikapiga hesabu ya vipi miraba hiyo itakavyoathiriana saa baada ya saa, kwa miezi. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, kina mfumo wa msimu uitwao SEAS5, ulioanza kazi mwaka 2017. Mraba wake mmoja una upana wa takriban kilomita 36. Sasa chukua mraba kama huo uuweke hapa kwetu. Waweza kukibeba kisiwa cha Mombasa pamoja na milima ya Shimba kule Kwale. Mkaazi yeyote wa hapa ajua kwamba Kwale yaweza kunyesha tangu alfajiri na Mombasa jua likawaka hadi jioni. Mraba hauna habari hiyo. Una namba moja tu kwa wote.

Makueni ni vivyo hivyo. Kuna vilima vya Mbooni na Nzaui vinavyopata mvua yao, na kuna uwanda mkavu wa upande wa mto Athi. Mtu wa Kalamba akisikia redioni kwamba "Ukambani mvua itakuwa chini ya wastani", ameambiwa jambo la kweli, lakini hajaambiwa habari za shamba lake.

Basi si tupunguze upana wa mraba? Hapo ndipo gharama inapoanza. Ukiupunguza upana kwa nusu, kutoka kilomita 36 hadi 18, miraba inakuwa mara nne. Na kwa kuwa miraba midogo hutaka hatua fupi za wakati ili hesabu isivurugike, hatua nazo zazidi mara mbili. Jumla mara nane. Ukipunguza tena kwa nusu, mara 64. Mara ya tatu, ukifika kilomita nne na nusu, mara 512. Na SEAS5 haipigi hesabu mara moja. Kila mwezi huipiga mara 51, kila mara ikianza na hali tofauti kidogo, ili ijulikane ni matokeo yapi yanarudiarudia na yapi ni bahati tu. Ndiyo maana watu wa hali ya hewa ndio wateja wa kudumu wa kompyuta kuu tangu zilipobuniwa.

Kompyuta kuu ni nini? Wengi hudhani ni sanduku moja kubwa la ajabu. La. Ni mamia au maelfu ya kompyuta za kawaida zilizopangwa kabatini, zikaunganishwa kwa nyaya za kasi kubwa ili zifanye kazi kama moja. Mwishoni mwa 2024 iliyokuwa ikiongoza duniani ni El Capitan ya California, yenye kupiga hesabu zaidi ya bilioni mara bilioni kwa sekunde. Afrika Kusini wanayo Lengau, maana yake duma kwa Kisetswana, iliyozinduliwa mwaka 2016 katika kituo chao cha CHPC, Cape Town. Hapa Kenya tunazo ndogo zaidi, lakini zipo. Taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, Nairobi, ina mtambo wa namna hiyo unaotumiwa na watafiti wa vinasaba. Kituo cha hali ya hewa cha IGAD, ICPAC, kina wake, na ndiko unakotoka utabiri wa msimu kwa Pembe ya Afrika. Tangu 1998 wataalamu wa nchi za eneo hili hukutana kabla ya msimu, wakalinganisha hesabu zao, wakatoa kauli moja.

Mimi sikutaka kuifanya kazi ya ICPAC. Nilitaka jambo dogo: kuchukua utabiri wa zamani wa SEAS5, unaotolewa bure, nikaulinganisha na mvua iliyonyesha kweli, kisha nikajua utabiri hukosea vipi upande wa Kalamba, niurekebishe. Rekodi za mvua zipo. Kuna takwimu ziitwazo CHIRPS, zinazochanganya picha za setilaiti na vipimo vya ardhini tangu 1981, kwa miraba ya takriban kilomita tano. Na utabiri wa zamani wa SEAS5 ni wa miaka 36, 1981 hadi 2016, kila mwaka mara 25. Piga hesabu: kazi 900.

Kila kazi ilichukua laptopu yangu dakika 20 hivi. Mia tisa mara ishirini ni dakika 18,000, yaani saa 300, yaani siku kumi na mbili na nusu, usiku na mchana, umeme usikatike. Tena huo ni mzunguko mmoja. Ukigundua kosa, na utaligundua, waanza upya. Lakini tazama uzuri wa kazi yenyewe: kazi 900 hizo hazitegemeani. Ni kama magunia 900 ya kupakua. Mchukuzi mmoja atayapakua siku kumi na mbili. Wachukuzi mia, kila mmoja magunia tisa, watamaliza kwa saa tatu. Kompyuta kuu ndiyo wachukuzi mia. Sikuhitaji kuinunua wala kuimiliki. Nilihitaji kuazimwa saa tatu, labda mara kumi kwa mwaka.

Nilianza kuomba Agosti 2021. Taasisi niliyoiomba sitaitaja, kwani waliokuwepo walinitendea kwa adabu na tatizo halikuwa roho zao. Kwanza fomu ilitaka jina la msimamizi wangu wa masomo. Sina, mimi si mwanafunzi. Nikatafuta mhadhiri wa kunidhamini, akakubali, ikapita wiki mbili za barua. Akaunti ikafunguliwa. Nikaletewa maelekezo ya kurasa nyingi yanayodhani kwamba msomaji tayari ajua kuingia kwa ufunguo wa siri kupitia kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri. Hayo nilikuwa nayajua. Mwenzangu wa kilimo, aliyekuwa akiyajua mashamba kuliko mimi, aliishia hapo hapo.

Nilipoingia, programu yangu haikukubali kuwaka. Iliandikwa juu ya programu saidizi za toleo jipya, na mtambo una toleo la miaka ya nyuma, na mimi sina ruhusa ya kubadili kitu. Nikaandika kuomba. Msimamizi wa mitambo alikuwa mmoja tu kwa watumiaji wote, akanijibu baada ya siku tisa. Katika kungoja nikafanya kosa la ugeni: nikaiwasha kazi yangu kwenye seva ya mlangoni, ile ambayo kila mtu huingilia, badala ya kuitia kwenye foleni ielekezwe kwenye mashine za ndani. Ni sawa na mtu kushusha shehena yake yote kwenye geti la bandari. Mtambo ukawa mzito kwa kila mtu, nami nikapata barua pepe ambayo hadi leo naikumbuka neno kwa neno. Nilistahili. Ila hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba pale ni getini.

Kisha foleni yenyewe. Kila mtambo una programu ya kupanga zamu. Iliyoenea zaidi duniani yaitwa Slurm. Waiambia: nataka prosesa kadhaa, kumbukumbu kiasi hiki, kwa saa hizi. Ukiomba saa chache kuliko unazohitaji, kazi yako yakatwa katikati. Ukiomba nyingi mno, wawekwa nyuma. Mgeni hana njia ya kujua kiasi kizuri ila kwa kukosea. Nilikosea mara nne.

Matokeo yalitoka wiki ya pili ya Novemba. Ukambani hupanda Oktoba, wengine huzika mbegu kwenye udongo mkavu kabla tone la kwanza halijaanguka, kwa kuwa mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo wanazozitegemea zaidi. Mama mkwe alikuwa ameshapanda ekari tatu za mahindi na moja ya ndengu. Msimu huo ulikuwa wa tatu katika ile misimu mitano mfululizo iliyokatika, 2020 hadi 2022, ukame ambao Pembe ya Afrika haikuwa imeuona kwa miaka 40. Mahindi yalikauka yakiwa na kimo cha goti. Ndengu zilitoa kidogo. Aliuza mbuzi wawili.

Sisemi kwamba programu yangu ingemwokoa. Redio ilikuwa imeshasema mvua itapungua, naye akachanganya bahati yake kama wakulima wote wafanyavyo. Utabiri ni uzani wa bahati, si hati ya ahadi. Lakini hesabu yangu, ilipotoka, ilionyesha kwamba upande wake ulikuwa umeelemea ukavu zaidi kuliko vilima vya jirani. Kwa habari hiyo pengine angegeuza: ekari tatu za ndengu, moja ya mahindi. Hesabu ya saa tatu ilinichukua wiki kumi na mbili, na karibu wiki zote hizo zilikwenda mlangoni.

Nimeizungusha habari hii kichwani miaka hii, na nikaona si yangu peke yangu. Chukua muhogo. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaoozesha mihogo ardhini na majani yakaonekana mazima, ulielezwa na wataalamu mara ya kwanza Amani, kule Tanga, miaka ya 1930. Ni ugonjwa wa pwani yetu hasa. Inzi weupe ndio wanaoueneza. Watafiti wa Afrika Mashariki walipotaka kujua jamaa za inzi hao zinavyohusiana kwa vinasaba, hesabu ilipigwa kwenye kompyuta kuu Magnus ya kituo cha Pawsey, Perth, Australia, kwa sababu mshirika wao, mtafiti Laura Boykin, alikuwa na njia ya kuingia huko. Kazi njema, na matunda yake yalirudi kwa wakulima. Lakini ona ilivyokuwa: mdudu wetu, muhogo wetu, na njia yetu ya kufika kwenye hesabu ilipitia urafiki na mtu wa Perth.

Wengine husema: si ukodi kompyuta za mbali kwa makampuni makubwa? Amazon walifungua kituo chao Cape Town mwaka 2020, na makampuni mengine wapo. Nimejaribu. Hulipi kwa shilingi, walipa kwa dola na kwa kadi, na ukisahau kuzima mashine usiku mmoja, asubuhi wakuta bili ya kukutoa machozi. Kwa kampuni yenye mhasibu ni njia nzuri. Kwa kijana wa Kilifi anayejaribu wazo lake, ni kamari.

Sasa, mlango waweza kupanuliwa, na mbinu zenyewe zimeshavumbuliwa. Ile inayonipendeza zaidi sisi watu wa Kilindini tuna haki ya kuielewa kuliko wote, kwani yaitwa kontena, na jina limetoka kwetu bandarini kweli. Kabla ya 1956, mwaka ambao meli ya Ideal-X ilibeba makasha 58 ya chuma kutoka Newark hadi Houston, kila mzigo ulipakiwa na kupakuliwa kivyake: gunia, pipa, kreti. Makasha yakafanya kreni isijali kilichomo ndani. Programu nazo ni hivyo. Waifungasha programu yako pamoja na kila inachokitegemea, toleo kwa toleo, ndani ya faili moja, na mtambo wowote waiwasha bila kuuliza yaliyomo. Aina iliyotengenezwa mahsusi kwa kompyuta kuu, Singularity, ambayo sasa yaitwa Apptainer, ilianzia maabara ya Berkeley, Marekani, karibu na 2015. Mtandao wa H3ABioNet, uliounganisha wataalamu wa takwimu za vinasaba Afrika nzima kuanzia 2012, uliandaa kazi zake kwa kontena ili ziweze kukimbia katika vituo tofauti bila kuandikwa upya. Ningekuwa na kontena Agosti ile, zile siku tisa za kungoja msimamizi zisingekuwepo.

Mlango wa pili ni kuondoa kidirisha cheusi. Kituo cha kompyuta kuu cha Ohio kilitengeneza mfumo uitwao Open OnDemand, wa bure kwa yeyote kuuweka. Mtumiaji hufungua kivinjari chake cha kawaida, akaandika neno la siri, akaona mafaili yake, akajaza fomu fupi, kazi ikaingia foleni. Mwenzangu wa kilimo angeweza hilo tangu siku ya kwanza. Wapo wasimamizi wa mitambo wanaoona kwamba kurahisisha hivyo ni kuwaharibu watu, kwamba mtu asiyejua amri hastahili kompyuta kuu. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Sijaona daktari akitakiwa kujua kutengeneza darubini ndipo aruhusiwe kuitazamia.

Hata hivyo, mfumo hautoshi bila mtu. Uingereza, mwaka 2012, kundi la watu waliokuwa wakiandika programu ndani ya maabara bila cheo walijipatia jina: wahandisi wa programu za utafiti. Kabla ya hapo walihesabiwa kama watafiti walioshindwa kuandika makala, au mafundi waliopotea njia. Jina likaleta nafasi za kazi, na nafasi zikaleta watu ambao kazi yao hasa ni kukaa kati ya mtafiti na mtambo. Hapa kwetu mtu huyo yupo, ila hana mezani. Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kimo katika mtandao wa EANBiT unaowafundisha vijana wa Afrika Mashariki takwimu za vinasaba. Kilifi hiyo hiyo, watafiti wa KEMRI na Wellcome walisoma vinasaba vya virusi vya korona mwaka 2020 bila kungoja sampuli zisafirishwe ng'ambo. Ujuzi upo kilomita sitini kutoka Mombasa. Laiti mmoja wao angelipwa siku moja kwa wiki kumkaribisha mgeni getini, angeokoa miezi ya watu wengi.

Na kuna jambo la udhamini, ambalo halihitaji hata senti. Kwa nini asiye mwanafunzi wala mhadhiri asipewe saa chache za majaribio, tuseme za kutosha mzunguko mmoja kama wangu, kwa kitambulisho chake na maelezo ya ukurasa mmoja? Saa zikiisha bila la maana, mlango umefungwa. Hoja kwamba mtambo utajaa haina nguvu nyingi, maana kazi za namna hii huja kwa vipindi: siku chache za hesabu nzito, miezi ya utulivu. ICPAC na Chuo Kikuu cha Oxford wameonyesha jambo hilo vizuri katika utabiri wa mvua kwa akili bandia. Kuifunza programu ndiko kunakotaka mashine kubwa; ikishafunzwa, kuitumia kila siku ni kazi nyepesi kabisa.

Yangu nimeshaifungasha. Imo ndani ya kontena moja, nimeijaribu kwa laptopu, na nimeandika chini yake kwa Kiswahili jinsi ya kuiwasha, ili hata mimi nikisahau nisihangaike. Yule mhadhiri aliyenidhamini ameongeza jina la mwenzangu wa kilimo kwenye akaunti. Jana mama mkwe alipiga simu, mapema kuliko kawaida. Nikamwambia anipe mpaka mwisho wa mwezi. Akasema ndengu ameshazinunua.